Ekari Moja ya Mama Nkwimba

Wenzangu wa chumba cha walimu, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kulikoni, nami nawajibu "safari ilikuwa ndefu," kisha nakimbilia darasani. Mara mbili nimejaribu kuwasimulia kwa mdomo na mara zote mbili nimeishia njiani. Basi nimeandika. Someni wakati wa chai, mkimaliza msinionee huruma.

Sababu ya safari mnaijua nusu. Baba yetu alipofariki aliacha ekari sitini nje kidogo ya Mhunze, wilaya ya Kishapu. Kaka yangu mkubwa, Masanja, ambaye ndiye anaishi pale, alitaka zigawanywe. Mimi sikutaka. Miaka kumi na tisa nafundisha Jiografia, na kila mwaka nachora ubaoni shamba kubwa lenye trekta upande mmoja na vishamba vilivyokatwakatwa upande wa pili, halafu nawauliza wanafunzi lipi lina tija zaidi. Sijawahi kupata mwanafunzi aliyekosa swali hilo. Nikamwambia Masanja kwenye simu kwamba ekari sitini zikikaa pamoja tutapata mpangaji mwenye trekta, na zikikatwa vipande zitakufa.

"Njoo, Kabula," akanijibu. "Shija na shangazi wakikubaliana na wewe, mimi nitafuata."

Shija ni mdogo wetu, anaishi upande wa Geita. Shangazi Milembe, dada yake baba, yuko Ushirombo. Kuna kaka wengine wawili ambao hufuata asemalo Masanja, na mdogo wangu wa kike aliye Songea, ambaye aliniambia nitakaloamua mimi ni lake pia. Shule zilipofunga mwezi wa sita, nikaondoka.

Morogoro hadi Shinyanga

Singida nilikula kuku wa kienyeji mgumu kama kamba, na mtamu ajabu. Tulipopita Igunga basi likakata mkanda. Dereva akasema dakika ishirini. Tulikaa saa tatu na nusu kando ya barabara, jua likitupiga, abiria tukigawana karanga na maji.

Aliyekaa pembeni yangu alikuwa fundi wa matrekta, mtu mzima mwenye mikono iliyoingia weusi wa grisi hadi kwenye mistari ya viganja. Alikuwa anakwenda kwenye shamba moja kubwa ambalo hakulitaja jina. Nikafurahi. Nikaona nimempata shahidi wangu.

"Shamba kama hilo linazalisha sana, eti?" nikamuuliza.

"Msimu huu nimeitwa mara tatu," akasema. "Mara mbili nimerudi bila kushika spana. Pampu ya trekta imekufa. Msimamizi hana ruhusa ya kununua pampu. Mwenye ruhusa yuko Dar, naye anasubiri mwenzake aliye nje ya nchi. Mvua imekuja, imekaa, imeondoka, wao bado wanaandikiana."

"Sasa wamelima ekari ngapi?"

Akacheka mpaka akafuta macho. "Mwalimu, waliolima mwaka huu ni nguruwe pori."

Nikamwona ni mtu wa kuwasema vibaya waajiri wake. Nikageukia dirishani nikajifanya nasinzia.

Mhunze

Asubuhi yake nilitoka Shinyanga mjini, na saa nne hivi nikashuka Mhunze. Nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke shamba la marehemu baba, nikataja jina. Akasema analijua. Akanizungusha nyuma ya nyumba za kaka yangu, akazima pikipiki mbele ya ekari moja ambayo hata leo nikifumba macho naiona.

Mtama ulikuwa umesimama, vichwa vizito vimeinama. Chini yake kunde. Upande mmoja matuta ya viazi vitamu, mengine yameshavunwa na mengine bado. Sehemu ya udongo mweusi kulikuwa na dengu changa, mistari imenyooka kama daftari. Hakukuwa na gugu hata moja.

"Hapana," nikamwambia. "Nataka shamba lenyewe. Lile kubwa."

"Shamba la nyumba hii ndilo hili, mwalimu. Lile kule ni malisho."

Nikamlipa nikiwa nimenuna, nikaenda kwa miguu kule alikonyoosha kidole. Mimi nimekulia kwenye shamba lile. Nililiacha likiwa jeupe kwa pamba mpaka kwenye upeo, na kila nilipokuja kusalimia niliishia uani. Nilichokikuta ni nyasi, visiki, na ng'ombe wa watu nisiowajua wakila kwa utulivu. Katikati kulikuwa na pamba ya Masanja, labda ekari sita, mimea inafika magotini, kila mmoja na vitumba vitatu au vinne. Udongo ulikuwa umefungwa mgumu, ukiukanyaga unalia. Na pembeni ya zizi la baba kulikuwa na kilima cha samadi kirefu kuliko mimi, kimekauka, kimeota nyasi juu. Samadi ya miaka mingi, hatua mia mbili kutoka kwenye udongo unaokufa kwa kuikosa.

Nilisimama pale mpaka wifi yangu akanifuata. Ni mke wa Masanja, wote tunamwita Mama Nkwimba kwa jina la binti yake. Mwanamke mwembamba, mwenye kusema kidogo.

"Mwangaluka, wifi," akanisalimu kwa kikwetu, akanipokea mkoba. "Twende ule kwanza."

Alikuwa amepika ugali wa mtama na mlenda, na maziwa ya mgando pembeni. Masanja akatoka, nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukala. Nikashindwa kuvumilia.

"Kaka, ile samadi mbona haiendi shambani?"

"Niipeleke wapi?" akasema bila hasira. "Nikiiweka pale nilipolima mwaka huu, mwakani pale atalima nani? Labda mimi, labda wadogo zetu wakija. Shamba ni la wote. Niitajirishe ardhi halafu apewe mwingine?"

"Lakini ile ekari ya nyuma umeiweka samadi. Nimeiona. Hongera sana, kaka."

Mama Nkwimba akaangalia bakuli lake. Masanja akanawa mikono akasimama akaenda zake.

"Si yake ile," Mama Nkwimba akaniambia baadaye, tukiwa tunaanika michembe juu ya mwamba. "Na si yangu pia. Ni ya Mama Kulwa, jirani yetu. Alihamia Kahama baada ya mumewe kufa. Ameniazima. Mwaka wa nne huu natoa mawe na kubeba samadi."

"Kwa nini ulime kwa jirani na ekari sitini zipo?"

Alipanga vipande vya viazi kwanza, kimoja kimoja.

"Nililima huko, wifi. Mara mbili. Mara ya kwanza nilibeba samadi kwa beseni msimu mzima. Udongo ulipopata nguvu, kaka yako akasema pale panafaa pamba. Nikaanza tena mahali pengine. Napo pakafaa pamba." Akacheka kidogo. "Nikaona heri niazime kwa mwanamke mwenzangu."

Yeye ndiye aliyelisha nyumba ile ya watu tisa, kwa ekari ya kuazima. Nilipiga picha nyingi za shamba lake kwa simu, nikiwa nimejaa sifa. Kumbukeni picha hizo.

Asubuhi, aliposikia napita Kahama, akanipa mfuko wa michembe nimpelekee Mama Kulwa. "Mwambie namwomba na mwaka ujao," akasema. "Usizungumze mengi, wifi. Mpe tu, umwombe."

Sikuelewa kwa nini nisizungumze mengi.

Nyasubi

Mama Kulwa anauza mchele Nyasubi, pale Kahama. Nilimfikia saa saba mchana baada ya kupotea mara mbili, maana kila niliyemuuliza alinielekeza kwa Mama Kulwa mwingine. Alikuwa mama mnene mchangamfu. Akanipokea kama ndugu. Akaupokea ule mfuko wa michembe kwa mikono miwili, akanusa, akasema, "Nyumbani!" na macho yakamlengalenga. Akatuma watu wapike wali na nyama, akanikalisha kwenye kiti chenye mto.

Nikampa salamu na ombi. Akasema hakuna shida, Mama Nkwimba ni mtu wake, alime tu. Jambo lilikuwa limekwisha. Ningekula wali nikaondoka.

Lakini mimi ni mwalimu. Nilitaka ajue amesaidia kitu kikubwa kiasi gani. Nikatoa simu. "Hebu tazama alivyolitunza shamba lako!"

Akaichukua. Akazikuza zile picha kwa vidole, ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza.

"Hiki ni kile kiekari changu? Kile cha mawe?"

"Ndicho! Ameweka samadi miaka minne mfululizo. Mawe ameyatoa kwa mkono."

"Mhh," akasema. Akanirudishia simu. Akaenda nje, nikamsikia anazungumza na simu yake kwa Kisukuma, chini chini. Aliporudi chakula kilikuwa tayari. Tulikula vizuri tu, tukizungumzia bei ya mafuta na magoti yake. Nilipokuwa nanawa akasema:

"Mwalimu, umwambie Mama Nkwimba namshukuru sana kwa kunitunzia. Akishavuna mtama na dengu asipande tena. Mkwe wangu anatafuta pa kulima."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Lakini sasa hivi ulisema alime."

"Nilisema. Sikujua kama pamekuwa hivyo."

"Pamekuwa hivyo kwa mikono yake!"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniangalia kwa upole. "Mume wangu alipokufa tulikuwa na ekari kumi na moja. Shemeji zangu walichukua kumi, wakaniachia ile kwa sababu ilikuwa mawe. Nimewahi kumfukuza mtu? Nimechukua cha mtu? Nachukua changu. Nimemkosea nini?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikampigia wifi yangu, maana niliona ni vibaya zaidi asikie kwa mwingine. Nilimweleza yote. Nilipomaliza akauliza:

"Wifi, ulimwonyesha picha?"

"Nilimwonyesha."

"Mimi kila akiniuliza nilikuwa namwambia hakuna kitu pale, ni michembe tu," akasema. "Ndiyo maana nampelekea michembe. Sijawahi kumpelekea mtama."

Kisha akasema, "Sawa," akakata simu.

Sikumbuki nilipandaje gari la Ushirombo.

Ushirombo

Gari lilikaa stendi likisubiri abiria mpaka saa kumi na moja. Nilipofika, Shangazi Milembe alikuwa anarudi kutoka jumuiya ya kanisa, rozari bado mkononi, na aliponiona uso tu akajua kuna jambo. Hakuuliza. Alinipa maji ya kuoga, akanipa ugali na karanga za kusaga, akaniacha nikalala.

Asubuhi akanitembeza shambani kwake. Ana ekari tatu. Zamani yeye na mumewe walinunua, na mumewe, mtu wa kanisani sana, akaenda kuandikisha majina yote mawili. Alipokufa hakuja mtu kumsumbua, kwa sababu jina lilikuwepo. Mahindi yalikuwa yamevunwa na yamejaa ghalani. Amechimba kisima. Amejenga kingo za mawe kuzuia maji yasichukue udongo, kazi ambayo alinionyesha kwa fahari kuliko alivyonionyesha nyumba.

"Umeona, shangazi?" nikasema. "Kumbe shamba dogo ndiyo dawa. Mimi nilikuwa nakosea."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejibu kabla swali halijaisha. Akanipeleka mpaka mwisho wa kingo. Pale mwanawe wa mwisho alipewa sehemu ya shamba la upande wa baba yake, likiwa limeshagawanywa mara tatu. Nilihesabu upana wake kwa miguu: hatua kumi na nne.

"Akilima kwa ng'ombe, nusu ya mtaro anamlimia jirani," shangazi akasema. "Amelima kwa jembe la mkono miaka miwili, amechoka. Yuko machimboni sasa. Mwaka huu hapo hapakupandwa kitu."

Kweli, kulikuwa na majani matupu.

Nikamweleza kilichonileta: kwamba nataka ekari sitini zisigawanywe, ingawa baada ya kuliona lile pori la baba hata mimi sikuwa na hakika tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Masanja anagawa mafungu mangapi?"

"Sita. Tuko watoto sita."

"Amekwambia sita?"

Nikajaribu kukumbuka. Hakuwahi kusema. Mimi ndiye niliyejihesabu.

"Manne," shangazi akasema. "Alinipigia mwezi uliopita kuniuliza. Mafungu manne, wanaume wanne. Wewe umepanda mabasi toka Morogoro kwenda kutetea shamba ambalo kwenye orodha yao jina lako halimo."

Nilikaa chini, pale pale kwenye kingo ya mawe. Mimi mwenye shahada, ninayesimama mbele ya wasichana kila siku nikiwaambia haki zao, sikuwa nimewahi hata kuuliza.

"Wewe unasemaje, shangazi?"

"Nilimwambia nitajibu nikikuona wewe. Sasa nimekuona. Nenda kwa Shija kwanza."

Katoro na machimboni

Kutoka Ushirombo nilipita Runzewe, nikafika Katoro nimejaa vumbi jekundu mpaka masikioni. Shija alikuja kunichukua kwa pikipiki. Amekonda. "Shikamoo, dada," akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya utotoni, nikataka kulia.

Nilijua ana ekari nne, analima mahindi na mihogo. Miaka sita iliyopita alinitumia picha. Njiani nikamuuliza kama msimu ulikuwa mzuri. Akasema mavuno yako stoo. Tulipofika, mkewe akaniletea wali na sato wa kukaanga, na baada ya kula Shija akafungua stoo kunionyesha. Kulikuwa na mifuko kumi na sita imepangwa. Nikapapasa mmoja, nikidhani nitashika mahindi. Yalikuwa mawe.

"Nini hiki?"

"Mgawo wangu. Mawe ya dhahabu. Tunasubiri zamu ya karasha, tuyasage."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Mungu wangu! Shamba lilikuwa limetobolewa kama chujio. Kila hatua chache duara, shimo lenye magogo mdomoni, wanaume wakivuta kamba, vumbi la mawe limefunika kila kitu. Kati ya mashimo mawili bado kulikuwa na mashina ya mihogo, majani yake meupe kwa vumbi. Kandokando ya duara moja walikuwa wamezungushia miiba, kwa kuwa mbuzi wake wawili walitumbukia.

"Shija, umefanya nini?"

"Sikufanya kitu, dada. Niliinunua hii kwa mzee mmoja kwa maneno ya mdomo. Siku moja wakaja watu na karatasi, wakasema wana leseni ya vilivyo chini. Mimi wa juu nina nini? Sina hata karatasi. Wakaniambia nikubali mifuko kidogo au niondoke." Akapiga jiwe teke likatumbukia shimoni. "Hata kabla hawajaja sikuwahi kuweka mbolea hapa. Nilikuwa nalima kama mgeni."

Nikamwambia arudi Mhunze, kuna ekari sitini. Hapo ndipo alipobadilika sura.

"Unajua kwa nini niliondoka Mhunze?"

"Kutafuta maisha."

"Nilimwomba baba sehemu yangu. Nilifyeka ile sehemu ya bondeni, nikaweka samadi, nikapata pamba ambayo watu walikuja kuitazama. Mwaka uliofuata baba akampa mwingine, mimi akanionyesha pengine. Mwaka wa tatu, pengine tena. Nikamuuliza, baba, nipe panapojulikana. Akasema shamba ni la wote, hakuna wa kujimegea. Kila mwaka, dada. Mpaka nikachoka kuanza."

Nilifungua mdomo kumtetea baba. Baba niliyemkumbuka ni yule wa pamba nyeupe mpaka upeo. Lakini nilipowaza vizuri nikakumbuka pia kwamba enzi hizo mama zetu wawili, wake wa baba, ndio waliopalilia kuanzia alfajiri, sisi watoto nyuma yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kile kipande ni changu. Nguvu yote ya shamba lile ilikuwa watu wasio na pa kwenda. Watu walipopata pa kwenda, shamba likalala.

"Mimi naunga mkono ligawanywe," Shija akasema.

"Mafungu mangapi?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Si tuko sita?"

Nikamkumbatia pale pale mbele ya wachimbaji, wakatupigia miluzi.

Mhunze tena

Nilirudi kupitia Kahama bila kushuka. Jumapili baada ya ibada tukakaa uani kwa Masanja: yeye, kaka zangu wawili, mimi, na mtendaji wa kijiji kama shahidi. Mama Nkwimba alikuwa jikoni. Tangu nilipofika alinisalimu vizuri na kunipa chakula vizuri, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Masanja akaanza kwa kuniuliza kama bado nasema shamba lisigawanywe.

"Hapana, kaka," nikasema. "Nilikosea. Ligawanywe. Mafungu sita."

Mmoja wa kaka zangu akacheka, akidhani natania. Mwingine akasema mimi nina mume Morogoro na mshahara. Nikapiga simu, nikaweka sauti kubwa katikati yetu. Shangazi Milembe alizungumza kifupi sana. "Masanja, ni sita. Nimemaliza." Halafu Shija: "Kaka, sita. Kama ni manne, langu wagawieni dada zangu." Mtendaji akakohoa, akasema kwamba hata sheria iko hivyo hivyo, ila alikuwa anasubiri aulizwe.

Masanja aliweka mikono juu ya magoti. Ni mtu mgumu, lakini si mwongo.

"Nilisema wakikubaliana na wewe nitafuata," akasema mwishowe. "Basi tukapime."

Tulipima siku mbili. Ekari kumi kila mmoja. Fungu langu likaangukia upande wa zizi. Jioni nikamwita Mama Nkwimba, nikamwonyesha, nikamwambia kwa furaha yote niliyokuwa nayo, "Wifi, lima hapa. Zote kumi. Nimekuharibia kule, hapa ni pako."

Alizitazama kumi zile. "Kumi siziwezi. Nipe mbili. Mbili nitazilima zote, kumi nitazikimbia."

"Sawa, mbili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapochoka mwenyewe."

"Mama Kulwa naye aliniambia hivyo," akasema.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mimi nilikuwa naondoka kesho yake kwenda mji wa mbali, na ardhi yangu ninamwachia mtu kwa maneno ya mdomo. Nikaona siku nitakayoonyeshwa picha. Na sijui, jamani, sijui ningesema nini siku hiyo. Nawaapia sijui.

Asubuhi tulikwenda wote wawili kwa mtendaji. Ekari mbili zikaandikwa jina lake, jina kamili alilopewa na wazazi wake, ambalo ilibidi niliulize, kwa sababu miaka yote sikuwahi kulijua. Anaitwa Nyanzobe. Nane zilizobaki akachukua Masanja kulima kwa miaka mitano, kwa maandishi. Akaja kusaini bila kuniangalia.

Mnajua kwetu mgeni husindikizwa. Mama Nkwimba amenisindikiza stendi kila mara tangu aolewe. Siku ile nilipomaliza kufunga mkoba nilimkuta tayari yuko kwenye ekari zake na beseni la samadi kichwani.

"Nenda salama, wifi," akaniitia kwa mbali. "Mimi nina kazi."

Akanisindikiza Masanja. Alibeba mkoba wangu, tukatembea mpaka stendi. Gari likawashwa. Akanikabidhi mkoba, kisha akaushika tena.

"Kabula. Yeye akitangulia kufa, zile mbili zinakuwa za nani? Zangu?"

"Hapana, kaka. Amemwandikisha Nkwimba."

"Nkwimba?" Alinitazama kama nimemwambia mto umepanda mlima. "Mtoto wa kike?"

"Ndiyo. Binti yako."

Kondakta akagonga bati. Nikapanda, nikakaa dirishani. Gari lilipogeuka Masanja alikuwa bado amesimama pale pale, mkono mmoja hewani kama anayetaka kuuliza jambo lingine.